Sahihi Iliyopinduka

Shubra, Kairo
9 Oktoba 1988

Mwalimu wangu, Profesa Wagih,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Tanta, wewe na mkeo Mama Ihsan, na kwamba zile dengu za kukaanga hazijakumaliza meno. Umestaafu mwaka wa pili sasa, na mimi mwanafunzi wako wa mwisho sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nina shida ndiyo nimekukumbuka. Nicheke tu, najua, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shida yenyewe hii hapa. Unaijua sheria ya kitivo chetu kwa sisi wakufunzi wasaidizi: ukishapata uzamili una miaka mitatu tu ya kuandikishwa masomo ya uzamivu, la sivyo unavuliwa ualimu. Miaka yangu inaisha mwishoni mwa Septemba ijayo. Kiti changu kipya wameshanionyesha, dirisha la usajili, ghorofa ya chini, kazi ni kugonga mihuri. Na hapa hakuna wa kunisimamia. Profesa Tolba ana wanafunzi kumi na wanne, na yule aliyenifaa ameazimwa kufundisha nchi za Ghuba. Kwa hiyo naomba nje, vyuo viwili vya Marekani na kimoja cha Uskoti. Mada ni ileile uliyonitia kichwani, jinsi nyumba za kuchambua pamba za Delta zilivyokuwa zikiandika hesabu zake enzi za babu zetu.

Mtihani wa Kiingereza nimefanya. Ule wa mantiki na hesabu nimefanya. Vyeti vimetafsiriwa na kugongwa mihuri mpaka havisomeki. Zimebaki barua tatu za mapendekezo kutoka kwa walimu wanaonijua, na ya kwanza nataka iwe yako.

Juzi nilipita darasa namba kumi na nne. Pangaboi ni lilelile na linalia vilevile. Nikakumbuka ulivyoniadhibu miaka miwili mizima kwa sababu ya kuchelewa: "Insaf, umefika? Haya, kaa mbele hapa, utusomee tarakimu za ubaoni kwa sauti, wa nyuma wasikie." Wenzangu wakaniita Redio. Nilikuchukia wakati ule, Mwalimu. Sasa natamani hata adhabu ile irudi.

Mwanafunzi wako,
Insaf Abdel-Barr


Tanta
24 Oktoba 1988

Insaf,

Marahaba. Barua yako imenitoa usingizini, maana mtu aliyestaafu hulala hata akiwa ameketi.

Najua umeshangaa mwandiko. Mama Ihsan kwa miaka yote alisema mwandiko wangu ni njia za mchwa, basi sasa nina muda, nimejifunza kuandika kama binadamu. Usinicheke.

Umenikumbusha darasa namba kumi na nne nikakaa nalo kutwa nzima. Unakumbuka somo la kwanza la ukaguzi wa hesabu? Nilizungusha karatasi nikasema kila mtu atie sahihi kuthibitisha amehudhuria. Watu mia mbili wakasaini. Kumbe juu ilikuwa imeandikwa kwamba wote tunakubali kufeli somo hili bila malalamiko. Nikawaambia, mkaguzi asiyesoma anachosaini afadhali auze vitunguu. Msichana mmoja tu hakusaini, nikajiandaa kumsifu mbele ya wenzake, kumbe alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, amechelewa. Nilicheka mpaka nikasahau nilichokuja kufundisha.

Siku zile nilikuwa mtu, Insaf. Chai ya mzee Bekhit pale chini ya ngazi, ile iliyokuwa nyeusi kama wino, hapa Tanta siipati.

Kuhusu barua, tufanye kama tulivyozoea siku zote hapa kwetu. Iandike wewe mwenyewe, unajijua kuliko mimi, kisha uniletee niitie sahihi. Wala usione haya.

Mwalimu wako,
Wagih Sallam


Shubra, Kairo
12 Novemba 1988

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nitasema kweli, ulivyonijibu vile nilinyong'onyea kidogo. Profesa Tolba aliniambia, "Andika, nitasaini." Mkuu wa idara, Profesa Anis, aliniambia vivyo hivyo bila hata kuinua macho kwenye gazeti. Hao nilitegemea, ndivyo ilivyo desturi. Kwako nilifikiri itakuwa tofauti. Lakini si kitu, nimeshaandika.

Na kuandika kwenyewe kulikuwa kichekesho. Mama yangu hataki kusikia mtu anajisifu. Ananiambia chema chajiuza. Nikiandika "ana akili", anapita na chetezo cha ubani kufukuza husuda. Nikiandika "hodari", anasoma dua. Mwishowe nimeandika yale yasiyoweza kumdhuru mtu. Kwamba nina adabu. Kwamba sichelewi. Kwamba naheshimu wakubwa. Zote tatu zimetoka hivyohivyo, maana sifa zilizobaki salama hazikuwa nyingi. Nimezipiga kwa mashine ya binamu yangu Sabri, yule anayewaandikia watu maombi nje ya mahakama.

Nakuletea nakala tatu, moja kwa kila chuo. Tafadhali isome, Mwalimu. Kata na uongeze. Nimeacha nafasi pana pembeni kwa ajili ya ile kalamu yako ya kijani, na ukitaka nipige chapa upya nitapiga. Ikikuridhisha, saini mwishoni, ifunge kwenye bahasha, kisha saini juu ya gundi. Mimi siruhusiwi kuifungua. Hivyo ndivyo wanavyotaka wenyewe.

Nimesifu mwandiko wako kwa mama, kasema ni wa mtu mwenye moyo uliotulia.

Insaf


Tanta
25 Novemba 1988

Insaf,

Marahaba. Bahasha tatu hizi hapa, zimefungwa na zimesainiwa. Barua yako nimeisoma neno kwa neno, na sikuona pa kuongeza wala pa kukata. Nzuri sana. Watakuchukua, hata bila mimi.

Mvua imenyesha huku mara moja. Msalimie mama.

Wagih Sallam


Shubra, Kairo
20 Februari 1989

Profesa Wagih,

Shikamoo.

Vyuo vya Marekani vimenikataa vyote viwili, kila kimoja kwa mistari minne. Cha Uskoti kimeandika ukurasa mzima, na ningeshukuru wangenikataa kwa mistari minne kama wenzao.

Wanasema wamepokea barua tatu kutoka kwa maprofesa watatu, na zote zimetoka mashine moja. Wanasema zote tatu zinaanza na sentensi moja, kwamba nina adabu na sichelewi, na hakuna hata moja inayosema nimewahi kufikiri jambo lolote. Halafu wanasema ya tatu, yako, imesainiwa kichwani pa karatasi, sahihi imepinduka miguu juu, na pembeni hakuna alama yoyote. Wanauliza kwa upole kama aliyesaini aliiona barua yenyewe.

Nami nakuuliza hivyohivyo, bila upole. Uliandika "neno kwa neno". Mtu aliyesoma neno kwa neno hujua juu ni wapi na chini ni wapi. Hao wawili wengine hawakuwahi kunifundisha kwamba mkaguzi asiyesoma anachosaini afadhali auze vitunguu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nimewafundisha neno hilo wanafunzi wangu mimi kwa jina lako, nikisimama palepale ulipokuwa ukisimama. Kama ulikuwa umenichoka, ungeniambia. Umenivunja, Mwalimu.

Wamenipa mpaka tarehe kumi Aprili. Wanataka barua moja tu ya kweli, ya mwalimu mmoja anayenijua, kwa maneno yake mwenyewe. Isipofika, faili langu linafungwa, na Septemba nashuka ghorofa ya chini kugonga mihuri. Sikuombi uiandike. Nakuarifu tu.

Insaf Abdel-Barr


Tanta
3 Machi 1989

Binti yangu Insaf,

Mimi si Wagih. Mimi ni Ihsan, mke wake, na mwandiko huu uliousifu kwa mama yako ni wangu. Nilifundisha Kiarabu darasa la tatu kwa miaka thelathini, ndiyo maana herufi zangu zimenyooka. Anasema, naandika. Ndivyo barua zote ulizopokea zilivyoandikwa. Hii tu hajaisema. Amelala, na akiamka atadhani naandika orodha ya sokoni.

Wagih haoni, mwanangu. Ni presha ya macho. Ilianza miaka mitano kabla hajastaafu. Kwanza pembeni pakafungwa, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likazidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka. Mwaka jana mwanzoni limeziba. Anajua kama taa imewashwa au imezimwa, basi. Mihadhara yake ya mwisho yote aliitoa kichwani. Alinikataza nisimwambie mtu, hata ndugu zake, na kule kitivoni ndiyo kabisa.

Sasa unaelewa kwa nini alikwambia uandike mwenyewe. Barua ilitakiwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni "good morning" na kinaishia hapo. Aliona haya kukuambia hawezi. Bahasha zako zilipofika nilimsomea maelezo yako tu, kisha nikaitwa Mahalla kwa dada yangu. Hakunisubiri. Akapapasa mwisho wa karatasi, akasaini, akafunga. Niliporudi akaniambia niandike "nimeisoma neno kwa neno". Nikaandika. Uongo ule ni wa mkono wangu.

Na nina mwingine mbaya zaidi. Barua yako ya hasira nilimsomea, maana alisikia tarishi akibisha. Nilisoma salamu. Nilipoona maneno yanayofuata, ulimi ukakataa. Nikamsomea kwamba mvua imenyesha Kairo, kwamba pangaboi limetengenezwa, na kwamba Marekani wamekupokea. Alifurahi mpaka akaniomba nirudie, na mimi nikasahau nilichosema kwanza, ikabidi nitunge upya.

Basi anakaa hapo barazani anawahesabia majirani mafanikio yako. Nimechoka kuwa mwongo wa nyumba hii. Niambie nifanye nini. Ukiandika barua nyingine nitamsomea yote, hata ikiwa chungu.

Mama yako,
Ihsan


Shubra, Kairo
9 Machi 1989

Mwalimu wangu, na Mama Ihsan unayesoma,

Shikamooni. Mama, soma yote, usiruke hata nukta.

Mwalimu, sijapokelewa Marekani. Sijapokelewa popote. Barua uliyoisaini ilisainiwa kichwa chini, nami nilikuandikia maneno mabaya ambayo Mama hakukusomea. Nilisema umenivunja. Nilisema umenichoka. Naomba radhi. Najua habari ya macho yako, na usimgombeze Mama, kwa sababu asingeniambia ningeendelea kukuchukia kwa kosa lisilokuwa lako.

Nimekaa siku tatu nafikiri nikuombe au nisikuombe. Nakuomba. Wanataka maneno yako, hawajasema yawe ya Kiingereza. Yaseme kwa Kiarabu, Mama ayaandike. Hapo Tanta, nyuma ya mahakama, yupo mtafsiri aliyeapishwa, Bwana Gamil, atayageuza, atapiga mhuri, ataifunga na kuituma mwenyewe. Nimeshamlipa. Mimi sitaiona wala sitaki kuiona. Sema mazuri, sema na mabaya.

Ila nakuonya jambo moja. Watataka kujua kwa nini sahihi ya kwanza ilipinduka. Hakuna njia ya kuwajibu bila kuwaambia. Ukiona siri yako ina thamani kuliko mimi, nitaelewa, naapa nitaelewa, na nitagonga mihuri yangu bila kinyongo. Siku zimebaki thelathini na mbili.

Insaf


Tanta
20 Machi 1989

Kwa Kamati ya Udahili, Idara ya Uhasibu

Waheshimiwa,

Mimi Wagih Sallam, profesa mstaafu wa ukaguzi wa hesabu, nasema maneno haya kwa Kiarabu, mke wangu anayaandika, na mtafsiri aliyeapishwa anayageuza kwa lugha yenu.

Barua mliyoipata kwa sahihi yangu sikuiandika na sikuisoma. Mimi ni kipofu. Nilipapasa karatasi nikasaini upande usio wake. Kwetu ni desturi mwanafunzi aandike barua ya kumsifu na profesa atie sahihi, na wengi hawaoni kosa, lakini mimi nilikuwa nafundisha ukaguzi, kwa hiyo kosa nililiona, nikalifanya. Nililifanya kwa sababu niliona haya kusema sioni. Binti huyu hana lawama.

Sasa niseme kuhusu Insaf Abdel-Barr. Nimesikia barua ile ilidai kwamba hachelewi. Si kweli. Nilimfundisha miaka miwili na kumsimamia uzamili miaka mitatu, na sikumbuki siku moja aliyofika kwa wakati. Adabu anayo, lakini si ya kunyamaza. Anabisha. Akikosea anabisha kwa sauti zaidi, kisha usiku anakwenda kuhakikisha, na asubuhi anakuja kukiri mbele ya watu wote, akiwa amechelewa.

Siku moja nilipigia mstari jumla mbili ubaoni nikasema zinalingana, kwa hiyo hesabu ni safi. Akasema, "Zinalingana, Profesa, lakini mwenye nyumba hii ya pamba anaiba." Darasa likacheka. Akaonyesha kwamba uzito wa mbegu zilizouzwa ulikuwa mkubwa kuliko wa pamba yote iliyoingia, yaani ipo pamba iliyoingia bila kuandikwa. Nilikuwa nimefundisha mfano ule miaka kumi na moja. Tangu siku ile nilijua atakwenda nisikofika.

Kuna jambo jingine, hata yeye halijui. Alipokuwa mwaka wa tatu, macho yangu yalikuwa yameanza kuondoka. Sikuweza kusoma nilichokuwa nimekiandika mwenyewe ubaoni. Nikamkalisha mbele, nikamwamuru asome tarakimu kwa sauti, nikamwacha aamini ni adhabu ya uchelewaji. Nilimchagua yeye kwa sababu akiona tarakimu isiyo sawa alikuwa hawezi kuisoma akapita. Alisimama pale pale akauliza. Kwa miaka miwili nilifundisha kwa macho yake, na hakuna mtu aliyegundua. Sikumwambia, kwa kuwa ningemwambia ningepoteza kazi.

Udhaifu wake: Kiingereza chake cha kusema ni cha vitabu, anacheka wakati usiofaa, na hajui kujisifu. La mwisho mmeshaliona.

Barua hii pia sikuisoma. Mke wangu amenisomea mara mbili, naye nimemwamini. Safari hii ameniwekea kidole mahali pa kusaini.

Wagih Sallam


Shubra, Kairo
18 Juni 1989

Mwalimu wangu, Mama yangu,

Shikamooni. Wamenichukua. Uskoti, uzamivu wa uhasibu, ada na posho juu yao, naanza mwezi wa Oktoba. Kitivo wameiona barua ya kuandikishwa kwangu, wameliondoa jina langu kwenye orodha ya ghorofa ya chini. Mama hapa nyumbani kafukiza ubani mpaka majirani wakadhani tunaungua.

Sijui ulichowaambia, Mwalimu. Wameniandikia tu kwamba barua ya profesa wangu imesomwa na kamati nzima, na kwamba nisijali kuhusu kufika kwa wakati. Hapo ndipo nikajua ulisema kweli.

Nataka kuja Tanta kukuaga kabla sijasafiri. Niambie siku ipi.

Insaf


Tanta
30 Juni 1989

Insaf,

Marahaba, na hongera. Mama Ihsan aliposoma nilimwambia arudie kutoka mwanzo.

Lakini kuja usije. Usinikasirikie. Natembea nikishika ukuta, nalishwa samaki kwa kuogopa miba, na shati langu nafungwa vifungo na mwanamke niliyemwoa nikiwa na nywele nyingi. Mtu uliyemjua alikuwa akiingia darasa namba kumi na nne mikono nyuma, watu mia mbili wakanyamaza. Ondoka naye huyo. Nikikuona hapa, yaani nikikusikia, nitajua unaniangalia, na sitajua uso wako umekuwaje.

Nenda ukasome. Uwe unaandika.

Wagih Sallam


Tanta
2 Septemba 1989

Insaf binti yangu,

Njoo Ijumaa hii baada ya sala. Usimjali. Kila siku anauliza umebakiza siku ngapi kuondoka, halafu anajifanya aliuliza bei ya nyanya.

Nitamwambia wewe ni mke wa fundi Shehata, fundi nguo wa hapo chini. Mke huyo huwa anapanda kunywa chai kwetu. Wewe kaa tu kitini karibu na dirisha, mtazame ushibe, kunywa chai, uende zako. Ila usifungue mdomo, kwa sababu sauti yako ataijua hata akiwa kaburini. Na uje mapema walau mara moja katika maisha yako.

Ihsan


Tanta
15 Oktoba 1989

Insaf,

Natumaini Uskoti wamekupa chumba chenye joto na kwamba kuna mtu huko anayejua kupika maharage. Ihsan ndiye anayeandika kama kawaida, nami nimemwambia chochote nitakachosema leo asikiruke, kwa kuwa amezoea.

Ijumaa ile ya Septemba alikuja mgeni. Ihsan akaniambia ni mke wa fundi Shehata. Sasa sikiliza. Mke wa fundi Shehata hajawahi kuvua viatu mlangoni kwangu hata siku moja, huingia navyo mpaka jikoni. Na mke wa fundi Shehata hanyamazi. Alipofiwa na mama mkwe wake alizungumza mazishi mazima, mpaka msomaji wa Kurani akamsubiri amalize. Mgeni wangu alivua viatu, akaketi, akashika glasi ya chai asiinywe. Nilijua ni wewe kabla kiti hakijatulia. Ihsan ameshika kalamu hapa haandiki. Andika, mama, hakuna aliyekasirika.

Nilijifanya sijui kwa sababu ningekutaja jina ningelazimika kuwa profesa. Ningekuuliza mada yako, ningekupa nasaha tatu, ungeondoka. Mke wa fundi ni mwanamke wa jirani tu, naye naweza kumwambia mambo.

Nikamwambia, nina mwanafunzi anakwenda mbali. Nikamwambia habari ya siku yangu ya mwisho kitivoni. Walitaka kunifanyia sherehe nikaikataa, wakasema nina kiburi, kumbe niliogopa zile ngazi mbele ya watu. Nikatoka mwenyewe kimyakimya. Msichana mmoja akanikimbilia langoni, akaninyang'anya mkoba, akanisindikiza mpaka stesheni ya treni huku akiongea njia nzima kama kasuku. Sikumjibu neno. Sikumtazama. Akanipandisha behewani, akasimama dirishani, treni ikaondoka sijamwambia hata asante. Bila shaka alidhani nimekasirika. Nilikuwa nahesabu hatua, Insaf. Hatua mia sita na arobaini kutoka langoni mpaka stesheni, na ningefungua mdomo hesabu ingepotea, ningeanguka mbele yako.

Nimekaa na asante ile mdomoni miaka mitatu. Nikamwambia mke wa fundi, ukikutana na binti yule, mpe.

Hapo nikasikia mgeni anaanza kulia, anaziba mdomo kwa shela. Ihsan akainuka ili akutoe nje. Nikamwambia Ihsan aketi, na nikaagiza chai nyingine ili usiondoke.

Mwalimu wako,
Wagih Sallam